SOMO LA SITA: SOKO LILILOMO KIGANJANI

Utangulizi

Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wake, somo hili linahusu jambo lililoingia katika kila nyumba bila ya kubisha hodi, nalo ni biashara inayofanywa kwa njia ya simu na kompyuta. Litaelezwa hapa namna biashara hiyo inavyogeuza matumizi ya mali, inavyogeuza mila, na namna inavyomgeuza mtu katika kuijua nafsi yake.

Asiseme msomaji kwamba hili ni jambo la dunia tu lisilohusiana na dini. Mali ni amana, na mwenye mali ataulizwa ameichuma wapi na ameitumia katika nini. Basi kila kinachouongoza mkono wa mtu kuelekea mfukoni mwake kinastahiki kuchunguzwa, khasa kikiwa kinafanya kazi yake kimyakimya.

Ili jambo hili lifahamike, mfano wake umechukuliwa katika mtaa wa Hockley, mjini Birmingham, na katika bidhaa ambayo hakuna harusi ya watu wa Mwambao inayokosa kuitaja, nayo ni dhahabu. Somo lina fasili tano, na mwisho wake pana maswali ya kuzungumzwa nyumbani.

Fasili ya kwanza: Muuzaji siye mpimaji

Hockley upo kaskazini-magharibi ya kitovu cha mji wa Birmingham. Ndani yake mna Jewellery Quarter, yaani mtaa wa masonara, ambao barabara zake za Vyse Street, Warstone Lane na Frederick Street zina safu za maduka ya vito na karakana za wafua dhahabu. Penye makutano ya barabara hizo umesimama mnara wa saa uliojengwa mwaka 1903. Mwanzoni mwa karne ya ishirini kazi ya vito ilikuwa ikiwalisha makumi ya maelfu ya watu wa mji huu, na mpaka leo sehemu kubwa ya vito vinavyotengenezwa Uingereza hutoka hapo.

Katika karne ya kumi na nane aliishi karibu na hapo tajiri mmoja mwenye kiwanda, jina lake Matthew Boulton. Kiwanda chake cha Soho kilitengeneza vyombo vya fedha, lakini Birmingham haikuwa na mahali pa kuvipimia. Ilimbidi avipeleke mji wa Chester, mwendo wa zaidi ya maili 70, vikapimwe na kupigwa muhuri, kisha virudishwe. Vyombo vilichelewa, na vingine vilirudi vimeharibika njiani. Boulton alishirikiana na wafua fedha wa mji wa Sheffield wakaliomba Bunge, na mwaka 1773 ikapitishwa sheria ya kuanzisha ofisi ya upimaji katika kila mmoja wa miji hiyo miwili. Ofisi ya Birmingham ilipewa alama ya nanga. Ilianza kwa kupima fedha, na mwaka 1824 ikaruhusiwa kupima dhahabu. Mwaka 2015 ilihamia Moreton Street, na bado imo ndani ya mtaa ule ule wa masonara.

Kazi ya ofisi hiyo ni nyepesi kuieleza. Sonara hupeleka pete au bangili yake, na wapimaji huipima kwa mionzi au kwa kukwangua chembe ndogo na kuiyeyusha. Ikithibitika kuwa ni dhahabu ya kiwango alichokitaja, hupigwa alama tatu: alama ya aliyeileta, tarakimu ya usafi wake, na alama ya ofisi iliyoipima. Tarakimu ya usafi huhesabiwa kwa sehemu elfu moja. Dhahabu ya karati 9 huandikwa 375, ya karati 18 huandikwa 750, na ya karati 22 huandikwa 916. Sheria ya Mihuri ya mwaka 1973 inamkataza mfanyabiashara kukiita kitu dhahabu ikiwa hakina muhuri, isipokuwa kitu ambacho dhahabu yake haifikii uzito wa gramu 1.

Jambo la kuzingatia katika haya yote ni moja: muuzaji siye mpimaji. Lau mnunuzi angeweza kuijua dhahabu kwa jicho, pasingehitajika ofisi, wala sheria, wala muhuri. Lakini jicho halina uwezo huo, kwani shaba iliyochovywa dhahabu hung'ara kama dhahabu, na pengine hung'ara zaidi. Kwa sababu hiyo watu wenye akili waliweka baina ya muuzaji na mnunuzi mtu wa tatu, ambaye hana faida katika kuuzwa kwa kitu wala hasara katika kutouzwa kwake.

Kule Mwambao, muhuri wa namna hii haukuwa desturi ya watu wote, lakini palikuwa na kipimo kingine. Masonara wa Zanzibar, wengi wao wenye asili ya Bara Hindi na Sri Lanka, walijulikana kwa majina na kwa milango ya maduka yao. Bibi alimpeleka mjukuu wake kwa sonara yule yule aliyemfulia yeye mkufu wake. Lau sonara angelighushi, habari zingelienea mtaani kabla ya jua kutua. Uso wa mtu, jina lake na jirani zake ndio waliokuwa mashahidi.

Fasili ya pili: Namna soko linavyofanya kazi ndani ya simu

Biashara ya intaneti haikuzaliwa na maarifa haya yote iliyonayo leo. Mwaka 1994 wahandisi wa kampuni ya Netscape ya Marekani walibuni kitu kiitwacho kuki, yaani maandishi mafupi ambayo tovuti huyaweka ndani ya kompyuta ya mtu ili imtambue atakaporudi. Kabla ya hapo, duka la intaneti lilikuwa mfano wa muuzaji msahaulifu ambaye kila mteja anayeingia kwake ni mgeni. Baada ya hapo likawa na kumbukumbu. Mwaka 1995 Amazon ilifungua duka lake la vitabu, na mwaka huo huo eBay ikaanzisha mnada wake. Mwaka 2007 ilitoka simu ya iPhone, na soko likahama kutoka mezani likaingia mfukoni. Mwaka 2009 Facebook ikaongeza kitufe cha mtu kuonyesha kwamba amependezwa, na mwaka 2010 ikatoka Instagram, ambayo msingi wake ni picha.

Takwimu za serikali ya Uingereza zinaonyesha ukubwa wa mageuzi hayo. Mwishoni mwa mwaka 2006, katika kila pauni 100 zilizotumika kununua bidhaa za rejareja, takriban pauni 3 ndizo zilizopitia intaneti. Mwezi wa Januari 2021, maduka yalipofungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, fungu hilo lilizidi theluthi moja. Maduka yalipofunguliwa lilipungua, lakini halikurudi lilipokuwa, bali limebaki kiasi cha robo au zaidi kidogo.

Soko hili lina njia tano za kumwendea mtu, na inafaa kila moja ijulikane.

Ya kwanza ni kukumbuka. Mtu akitazama kidani kimoja kwa nusu dakika, kidani hicho humfuata katika habari anazosoma na katika picha za jamaa zake, kwa siku nyingi.

Ya pili ni kulinganisha. Mashine hukusanya nyendo za mamilioni ya wanunuzi, ikaona kwamba walionunua kitu fulani walinunua na kitu fulani. Basi humwonyesha mtu cha pili kabla hajajua kwamba anakitaka.

Ya tatu ni kuharakisha. Huwekwa saa inayohesabu dakika kurudi nyuma, au maneno kwamba kimebaki kimoja tu, au kwamba watu kadha wa kadha wanakitazama wakati huo huo. Makusudio yake ni kumnyima mtu nafasi ya kushauriana.

Ya nne ni kuondoa kikomo. Duka la Warstone Lane lina mlango na lina saa ya kufungwa. Ukurasa wa simu hauna mwisho: kila kidole kinaposukuma juu, picha nyingine huja kutoka chini. Tendo la kuacha, ambalo zamani lilifanywa na giza la jioni, sasa limeachiwa nafsi ya mtu peke yake, nayo imechoka.

Ya tano ni ushuhuda. Chini ya kila bidhaa pana nyota na maneno ya sifa kutoka kwa watu ambao mnunuzi hawajui wala hatawajua.

Wala hakuna uchawi katika hayo. Ni hesabu tu. Kampuni huonyesha kundi moja la watu ukurasa wa namna hii, na kundi jingine ukurasa wa namna ile, na ule unaoleta wanunuzi wengi ndio unaobakishwa. Jaribio hilo hurudiwa mara nyingi, mpaka rangi, maneno na mahali pa kitufe vikawa vimechaguliwa kwa kupimwa juu ya watu wenyewe. Hapa ndipo inapodhihiri tofauti kubwa. Mpimaji wa Moreton Street hukipima kitu kwa ajili ya mnunuzi; simu humpima mnunuzi kwa ajili ya muuzaji.

Fasili ya tatu: Mfano wa mahari

Na ichukuliwe mfano wa kijana mmoja, mzaliwa wa Birmingham, ambaye wazee wake wametoka Pemba. Anakaa chumba cha kupanga karibu na Icknield Street, na amekubaliwa posa. Mahari yametajwa kuwa ni fedha kidogo pamoja na seti ya dhahabu: kidani, vipuli na bangili mbili. Bibi arusi mwenyewe hakutaka kitu kikubwa. Lakini shangazi zake wameona katika simu harusi za Muscat na Dubai, na wameanza kusema kwamba seti ndogo itaonekana vibaya katika picha.

Usiku mmoja kijana anaona katika simu yake seti inayofanana na ile waliyoitaka shangazi. Bei yake ni robo ya bei ya Vyse Street. Saa inahesabu: zimebaki dakika kumi na moja. Pesa zote hana, lakini duka linampa nafasi ya kulipa kwa mafungu manne. Anabonyeza.

Baada ya siku tisa kifurushi kinafika. Anampelekea bibi yake, mama wa mama yake, akione.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kizuri, mashaallah. Umekipima?"

"Bibi, kina nyota tano. Watu elfu mbili wamekisifu."

"Nyota hizo kazipiga nani?"

Kijana anakosa la kujibu. Asubuhi yake anakwenda kwa sonara wa Vyse Street, ambako angeweza kufika kwa miguu usiku ule hata saa ile haijatimia. Sonara anaigeuza bangili chini ya kioo cha kukuzia, anatafuta muhuri, haoni. Anaikwaruza juu ya jiwe, anatia tone la dawa, na rangi inaondoka. Ni shaba iliyochovywa. Katika tangazo neno dhahabu lilikuwapo, lakini likisomwa kwa makini lilikuwa likieleza rangi.

Katika mfano huu mna hasara nne, na ya pesa ndiyo ndogo yao. Hasara ya kwanza ni ya kijana, ambaye sasa ana deni la kitu kisicho na thamani. Ya pili ni ya bibi arusi, kwani mahari ni haki yake na mali yake, na lau kingepokewa bila ya kupimwa, angekuwa amedhulumiwa na mtu asiyekusudia kumdhulumu. Ya tatu ni ya familia mbili, ambazo zingeanza udugu wao kwa shaka. Na ya nne, ambayo ndiyo mama wa zote, ni kwamba kijana aliyazoea macho ya watu elfu mbili asiowajua kuliko jicho la bibi yake mmoja.

Kuna mambo ya sheria ambayo kijana huyo angefaa kuyajua. Anayenunua kutoka kwa mfanyabiashara kwa njia ya intaneti nchini Uingereza ana haki ya kubatilisha mauzo ndani ya siku 14 tangu kuipokea bidhaa, isipokuwa bidhaa zilizotengenezwa kwa agizo lake maalumu na nyinginezo chache. Sheria nyingine ya mwaka 2024, iliyoanza kutumika katika jambo hili mwezi wa Aprili 2025, imezipiga marufuku sifa za uongo zinazowekwa chini ya bidhaa. Lakini sheria humshika anayefikika. Muuzaji aliye nchi ya mbali, ambaye duka lake ni jina na picha tu, anaweza kulifunga leo na kulifungua kesho kwa jina jingine.

Tanbihi. Familia zenye jamaa Oman na nchi za Ghuba zimezoea dhahabu ya karati 21, ambayo usafi wake ni sehemu 875 katika elfu. Kiwango hicho hakimo katika viwango vya mihuri ya Uingereza. Bangili ya namna hiyo ikipelekwa kupimwa hapa hupigwa muhuri wa kiwango kilicho chini yake, yaani 750. Asidhani mwenye bangili kwamba sonara wa Ghuba amemghushi. Vilevile asidhani mnunuzi kwamba kila kilichoandikwa dhahabu kina usafi mmoja, kwani dhahabu ya karati 9, iliyo halali kabisa katika maduka ya Uingereza, zaidi ya nusu yake ni madini mengine.

Fasili ya nne: Mila, na jibu la swali la "mimi ni nani?"

Athari ya soko hili haikomei katika mali. Mtu hununua kwa sababu anataka kuwa mtu wa namna fulani, na soko linalijua hilo kuliko yeye mwenyewe.

Zamani kanga ilichaguliwa kwa jina lake, yaani maneno yaliyopigwa chapa juu yake. Mwanamke aliyasoma kwanza, akapima yanamfaa nani na kwa tukio gani, kisha ndipo akatazama rangi. Huko Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887, limejulikana kwa vizazi kadhaa kwa kanga zenye chapa ya "Mali ya Abdulla". Leo kanga hiyo hiyo huonekana katika kioo cha simu ikiwa imekunjwa, jina halisomeki, na maelezo yake ni kitambaa cha Kiafrika cha kushonea mifuko. Msichana wa Hockley anayeinunua hapo amepata rangi na amekosa neno. Naye si wa kulaumiwa, kwani muuzaji mwenyewe hakujua kwamba lilikuwako neno.

Mfano wa kanga ndio mfano wa mengine. Mashine haimjui mtoto kwa ukoo wake, wala kwa lugha yake, wala kwa adabu yake. Inamjua kwa alivyovitazama. Akitazama kofia moja ya kushonwa kwa mkono, huletewa kofia mia zilizoshonwa kwa mtambo, kisha kanzu, kisha udi, kisha mapambo ya ukutani, na polepole huingiwa na fikra kwamba kuwa Mzanzibari, au kuwa Mwislamu, ni mkusanyo wa vitu vinavyonunuliwa. Ndugu yake akitazama viatu vya wachezaji mpira, huletewa ulimwengu mwingine. Watoto wa tumbo moja, wanaolala chumba kimoja, kila mmoja ana soko lake, na kila soko linamwambia: wewe ni huyu. Mzazi aliye sebuleni halioni soko la huyu wala la yule.

Kisha kuna picha. Harusi ilikuwa ni jambo la watu waliohudhuria, wakala, wakadua, wakaondoka. Sasa huandaliwa kwa ajili ya wasiohudhuria. Watu hukodi ukumbi wanaoushindwa, hupamba meza isiyoliwa, na bibi arusi hulazimika kuwa na dhahabu inayoonekana kutoka mbali. Israfu iliyokatazwa imepata sababu mpya, na kibri kimepata kioo. Wanaoumia zaidi ni vijana wasio na uwezo, ambao huakhirisha ndoa miaka na miaka kwa kuogopa macho ya watu wasiowajua.

Lakini haki isemwe. Kwa chombo hicho hicho, bibi aliyeko Wete humsimulia mjukuu wake wa Birmingham hadithi kwa sauti yake mwenyewe, na mtoto akapata lafdhi ya Kipemba asiyoweza kuipata skuli. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa Kenya mwaka 2007, kutuma pesa kwa simu kumekuwa jambo la kawaida katika Afrika Mashariki, na msaada hufika siku ile ile kwa mgonjwa au kwa yatima. Wako wanawake wanaouza viungo, halua na nguo walizozishona wenyewe bila ya kutoka majumbani mwao wala kukodi duka. Wanavyuoni wamesema kwamba asli ya vitu ni uhalali mpaka ije dalili ya kukataza. Basi simu haikatazwi. Kinachotakiwa ni kwamba mwenye simu ndiye awe bwana wake.

Fasili ya tano: Hukumu na adabu za mnunuzi

Kwanza: kupima kabla ya kuamini. Anayenunua dhahabu na atake kuuona muhuri, na auombe uandikwe katika risiti pamoja na uzito na karati. Kwa mkaazi wa Birmingham hili ni jepesi, kwani masonara na wapimaji wote wamo katika mtaa mmoja.

Pili: kuhadhari na hukumu ya dhahabu yenyewe. Wanavyuoni wengi wa zama hizi wameitia sarafu ya karatasi katika hukumu ya dhahabu na fedha, wakashurutisha kwamba dhahabu na thamani yake zikabidhiwe mkono kwa mkono katika kikao kimoja. Kwa kauli hiyo, kulipa leo na kupokea dhahabu baada ya wiki, au kuichukua leo na kuilipa kwa mafungu, ni jambo lenye shaka kubwa. Mwenye haja na amuulize mwanachuoni anayemwamini kabla ya kubonyeza.

Tatu: kuyasoma masharti ya mkopo. Maduka mengi husema kwamba mafungu yao hayana riba, kisha huweka ziada juu ya anayechelewa. Ziada juu ya deni kwa sababu ya kuchelewa ndiyo sura ya riba iliyojulikana tangu zama za ujahili, hata ikipewa jina jingine.

Nne: kulaza haja. Kila kitu kisicho cha dharura na kilale usiku mmoja. Kikiamka kingali kinahitajiwa, na kinunuliwe. Saa inayohesabu katika simu ni ya muuzaji. Mnunuzi ana saa yake.

Tano: kushauriana. Mume na mke na wakubaliane kiasi ambacho hakuna mmoja wao atakayekivuka bila ya kumwambia mwenzake. Na wazee waulizwe, kwani wao wameona bidhaa nyingi zikija na kupita.

Sita: kukaa na watoto. Haitoshi kumnyang'anya mtoto simu. Mzazi na akae ubavuni mwake, amwulize: kwa nini picha hii imekujia wewe? Nani analipwa ukiibonyeza? Mtoto aliyezoea maswali hayo huvaa ngao ambayo hakuna programu inayoweza kuivua. Ama huduma nyingi za picha na mazungumzo, zenyewe zimeweka sharti la umri wa miaka 13, na mzazi asiwe ndiye anayeandika umri wa uongo.

Saba: kumpa mtoto jina la vitu vyake. Afundishwe kusoma kanga, ajue kipini, kikuku na kekee ni nini na nani alivivaa katika ukoo wake. Anayeijua asili yake nyumbani haendi kuinunua sokoni.

Khitimisho

Matthew Boulton hakuridhika muuzaji ajipigie muhuri mwenyewe, ingawa yeye alikuwa muuzaji. Alitaka pawepo mpimaji aliye karibu, ili kazi njema ijulikane kwa ushahidi. Zaidi ya miaka 250 imepita, na kazi hiyo bado inafanywa kila siku ya kazi mtaani Hockley. Wakati huo huo, umbali wa hatua chache kutoka hapo, watu wamekaa vitandani mwao wakinunua kwa nyota ambazo hawajui nani amezipiga.

Na lililo zito kuliko dhahabu ni mtu mwenyewe. Yeye naye hutafuta muhuri. Akiutafuta katika idadi ya watu waliopendezwa na picha yake, atapata rangi inayoondoka kwa tone moja la dawa. Akiutafuta kwa Mola wake, kwa wazazi wake, kwa jirani anayemjua kwa jina na kwa amana aliyoirudisha kwa mwenyewe, atapata alama isiyofutika. Wabillahi tawfiq.

Maswali ya kuzungumzwa nyumbani

1. Eleza alama tatu zinazopigwa juu ya dhahabu nchini Uingereza, na useme kila moja inamshuhudilia nani.

2. Nini tofauti baina ya ushahidi wa mpimaji na ushahidi wa nyota zilizo chini ya bidhaa?

3. Zitajwe njia tano za soko la simu, kisha kila mmoja wa watu wa nyumba aseme ni ipi iliyomshinda mwezi huu.

4. Kijana wa mfano alikosea wapi kwanza: alipoitazama seti, alipoiona saa, alipokubali mafungu, au kabla ya hapo?

5. Je, shangazi wa bibi arusi nao wana fungu lao katika kosa hilo? Wangefanya nini ili ndoa iwe nyepesi?

6. Itolewe kanga moja kabatini, isomwe jina lake, na mkubwa wa nyumba aeleze ilitoka kwa nani na ilivaliwa siku gani.